Vichupa vya Kituoni

Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelitumia kwa miaka mingi. Hospitali nzima, kuanzia mlinzi wa getini hadi mganga mkuu, walimwita Mama Rudia, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ukimpelekea jibu la damu lenye namba ya ajabu, hakuuliza nani kapima wala kapima vipi. Alisema neno moja tu: "Rudia." Ukirudia na jibu likaja lilelile, alikutazama juu ya miwani na kusema, "Haya, sasa nimeanza kuamini." Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Watoto wake walikua wakirudia kuosha sahani, kurudia hesabu, kurudia shikamoo iliyotoka mdomo ukiwa umejaa chakula. Mumewe alikuwa na mazoea ya kuwaambia wageni kwamba hata siku alipokwenda kumwambia anataka kumwoa, aliambiwa arudie. Mama Rudia hakuwahi kukanusha.

Miaka ishirini na sita alikuwa ndani ya maabara ile ile, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na majokofu upande wa pili, na katikati meza nyeupe iliyokwisha kula madoa ya kila rangi. Kazi yake kubwa ilikuwa figo. Si kwamba alikuwa daktari wa figo. Hakuwahi kuigusa figo ya mtu. Alichogusa ni kreatinini, takataka inayotoka kwenye misuli, ambayo figo nzima huitoa na figo iliyochoka huiacha ikirundikana katika damu. Namba ikiwa chini, daktari anapumua. Namba ikipanda, daktari anabadilisha dawa, anapunguza vipimo vya sindano, anaahirisha hiki na kile. Kwa hiyo namba moja inayotoka kwenye karatasi ya Mama Rudia ilikuwa inatembea hospitali nzima ikifungua milango na kuifunga, naye alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alikuwa msumbufu kiasi kile.

Mashine ya zamani ya kupimia waliiita Bibi. Ilikuwa na umri wa mtoto aliyemaliza sekondari, ilikohoa ikiwashwa, na taa yake ilikuwa na siku za kwenda na siku za kugoma. Halafu ikaja mashine mpya. Ilishushwa ikiwa imefunikwa nailoni tangu juu hadi chini, watu wakatoka ofisini kuja kuitazama, na mfagizi akasema, "Leo tumepata Bi Harusi." Basi jina likakaa.

Lakini mashine haiaminiwi kwa sababu inang'aa. Lazima kwanza ihojiwe, na mhoji alikuwa Mama Rudia. Alichukua damu moja akaipima mara ishirini ili aone kama Bi Harusi anasema jambo moja au anayumba. Akafanya hivyo siku tano mfululizo. Akachukua damu zenye kreatinini kidogo sana na nyingi sana, aone kama mashine inajua kuhesabu kutoka chini mpaka juu. Mwisho akachagua sampuli arobaini za wagonjwa, kila moja akaipima kwa Bibi na kwa Bi Harusi, kisha akazichora kwenye karatasi ya miraba kwa mkono, ingawa kompyuta ilikuwapo. Vitone arobaini vikalala juu ya mstari mmoja bila hata kimoja kutoka nje. Alipoona vile alifurahi mpaka akaibandika karatasi ukutani juu ya meza yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata kwa picha za harusi yake mwenyewe.

Sasa nieleze jinsi alivyozichagua zile arobaini, maana ndipo mambo yote yalipolala.

Damu ikizungushwa kwenye mashine yake, chembe nyekundu zinakaa chini na juu yanabaki maji. Maji mazuri yana rangi ya chai nyepesi sana. Lakini yapo mengine mabaya: ya waridi kwa sababu chembe zimepasuka, meupe kama maziwa kwa sababu ya mafuta, na ya manjano iliyokolea kwa sababu mwenye damu ana tatizo la ini au nyongo imeziba. Mwalimu wa Mama Rudia alimfundisha, naye akawafundisha wengine wote, kwamba unapojaribu mashine tumia maji safi, ili ukiona tofauti ujue ni ya mashine. Maji mabaya yaliwekwa pembeni, ndani ya beseni la buluu ambalo watu wa maabara waliliita kituo cha polisi. "Huyu peleka kituoni," Mama Rudia alikuwa akisema, na kichupa kinaingia kwenye beseni. Miaka ishirini na sita, kila jaribio, kituo kilijaa na hakuna aliyewahi kwenda kuwawekea dhamana waliokuwamo.

Katika ripoti yake palikuwa na mstari unaouliza kama kuna kitu ndani ya damu kinachoizuia mashine kuona sawasawa. Vizuizi, ndivyo fomu ilivyoviita. Mbele yake Mama Rudia aliandika kwa mwandiko wake wa kusimama wima: Havikuonekana. Akatia sahihi siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi Bi Harusi akaanza kazi, na Bibi akachomolewa waya, akawekwa kwenye toroli ukumbini, akingoja watu wa bohari.

Jumatatu jioni shemeji yake alilazwa.

Huyu shemeji alikuwa kaka mkubwa wa mumewe, fundi cherehani, mtu aliyejivunia kwamba hajawahi kununua utepe wa kupimia. Alikuangalia mara moja, akafumba jicho moja, akakata kitambaa. Suruali ilikaa. Yeye na Mama Rudia walitaniana tangu siku ya kwanza alipoingia katika ile familia. "Shemeji, wewe unapima mara ishirini kitu ambacho mimi nakiona kwa jicho," alikuwa akimwambia, naye humjibu, "Ndiyo maana wateja wako wote wanatembea wameshika mkanda." Lakini ni huyu huyu aliyemlea mumewe baada ya wazazi kufa, akamsomesha kwa sindano na uzi, na ni yeye aliyeshona sare za shule za watoto wote wanne bila kuulizwa. Mama Rudia alimpenda kuliko alivyowapenda ndugu zake wa damu, na hakuona haya kusema.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi alipita wodini kabla ya zamu. Alimkuta ameketi kitandani, macho yamekuwa manjano, ngozi nayo inafuata. Alikuwa amekonda. Hata hivyo alikuwa na karatasi mkononi na alikuwa akimngoja.

"Shemeji, njoo uone. Daktari kanionyesha. Hizi ni figo za kijana."

Mama Rudia akaisoma. Kreatinini tisini na nane. Kawaida kabisa. Chini yake urea ilikuwa imepanda, ishirini na nne, mara tatu ya inavyotakiwa.

"Wamesemaje?"

"Wanasema kuna kitu kimeziba njia ya nyongo. Saa nne wananiingiza kwenye ile skani. Wananichoma dawa ya rangi ili waone ndani vizuri. Dawa yenyewe kali kwa figo, lakini daktari kasema figo zangu zinaiweza. Namba imetoka kwenye mashine yako, eti?"

"Imetoka kwangu."

"Basi sina wasiwasi," akasema, na akaikunja ile karatasi vizuri, akaitia mfukoni kama mtu aliyepewa cheti.

Mama Rudia akaondoka ameridhika. Nasema ukweli, aliridhika. Alishuka ngazi akifikiri kwamba walau figo zinafanya kazi, na kwamba Bi Harusi ameanza vizuri katika familia.

Maabara, saa mbili na robo. Msaidizi wake, binti mmoja wanayemwita Kalamu kwa sababu hukosi kukuta tatu au nne zimechomekwa kwenye nywele zake, alikuwa amekwisha zungusha damu za asubuhi. Siku hiyo walipanga kuanza kumhoji Bi Harusi kwa kipimo cha sukari, kwa hiyo Mama Rudia alikaa, akavuta kituo cha polisi karibu na kuanza kuchagua. Safi huku, wabaya kule. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe huku akimsikiliza Kalamu akisimulia habari za mwenye nyumba wake. Safi. Safi. Waridi, kituoni. Safi. Manjano, manjano iliyokolea kama mafuta ya kukaangia, kitu—

Mkono ukasimama juu ya beseni. Kwenye kichupa palikuwa na jina la shemeji yake.

Kalamu aliendelea na mwenye nyumba kwa sentensi mbili nzima kabla hajaona kwamba hakuna anayemsikiliza.

"Mama? Kuna nini?"

Mama Rudia alikiweka kichupa mezani. Alikuwa anatazama ile karatasi ya miraba ukutani, vitone arobaini kwenye mstari, na alikuwa anahesabu. Alihesabu waliokuwamo wenye damu ya manjano. Hakuwamo hata mmoja. Aliwaweka wote kituoni kwa mkono huu huu. Alimuuliza Bi Harusi maswali arobaini na yote yalikuwa mepesi. Na urea ile, ishirini na nne. Urea na kreatinini kwa kawaida hupanda pamoja, moja ikikaa chini na nyingine iko juu mtu anasema, Rudia. Yeye alikuwa ameishika karatasi saa moja iliyopita na hakusema.

"Kalamu. Bi Harusi, akipima kreatinini, anaanza kwa kusoma rangi ya damu yenyewe kabla ya kutia dawa?"

"Bibi ndiye anayefanya hivyo. Anasoma rangi kwanza, halafu anaitoa. Huyu..." Kalamu akafungua mipangilio kwenye skrini, akapekua. "Huyu anaweza, lakini imezimwa. Mafundi waliomfunga wameizima, labda aende haraka."

"Iwashe."

"Inadai nywila ya fundi wa kampuni."

"Na manjano ikiwa nyingi na rangi haijatolewa?"

Kalamu alikuwa binti mwerevu na hakuhitaji kurudiwa. "Namba inashuka," akasema polepole. "Inaonyesha figo nzuri kuliko zilivyo."

Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa mbili na dakika thelathini na tano. Mama Rudia aliitazama. Aliogopa. Aliogopa kwa ajili ya shemeji yake kwanza, na mara moja nyuma ya hofu hiyo ikaja nyingine, ya ile sahihi.

"Mvute Bibi humu ndani."

Bibi alikuwa ukumbini, na watu wawili wa bohari walikuwa wamekwisha mwinamisha kumpandisha kwenye toroli lao kubwa zaidi. Kalamu alifika akikimbia, kalamu moja ikaanguka, akasema, "Jamani, bado, bado, mwacheni." Wakamwambia wana karatasi. Akawaambia na yeye ana karatasi, jambo ambalo halikuwa kweli, na alikuwa amekwisha shika ukingo wa toroli na kuanza kulivuta. Waliona afadhali wamsaidie kusukuma kuliko kubishana na mtu wa namna ile.

Mama Rudia wakati huo alikuwa kwenye simu. Wodi ilipokea kwa mlio wa tisa. Akamwomba daktari, mwanamke kijana anayezungumza kama mtu anayekimbiza basi.

"Daktari, mgonjwa wako wa skani ya saa nne, fundi cherehani. Msimchome ile dawa bado."

"Kwa nini? Kreatinini yake nzuri. Namba ni ya kwenu."

"Najua ni ya kwetu."

"Sasa ni ya kweli au si ya kweli?"

Miaka ishirini na sita hakuna daktari aliyewahi kulisikia neno hili likitoka kwa Mama Rudia kwenye simu. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sijui, daktari. Mashine mpya hatukuijaribu kwa damu ya manjano. Mimi ndiye niliyeijaribu, na mimi ndiye niliyetia sahihi. Nampima upya kwa mashine ya zamani sasa hivi."

Upande wa pili lilisikika toroli la dawa likipita. "Nisikilize vizuri," daktari akasema. "Huyu mzee homa imeanza. Nyongo imeziba na inaweza kuwa imeoza. Nikimwondoa kwenye skani ya leo, nafasi ijayo ni wiki mbili, na wiki mbili hana. Figo zikiwa zimechoka, namtundikia maji na natafuta njia nyingine ya kumwona. Zikiwa hazijachoka, kila saa unayonichelewesha unamuumiza wewe. Naweza kumtanguliza mgonjwa mwingine. Saa nne na nusu. Ikifika bila namba, anaingia."

"Saa nne na nusu."

Kwa hiyo hata kuchelewesha kulikuwa na madhara yake. Hilo ndilo lililomuuma zaidi Mama Rudia. Angekuwa na hakika, angesema tu acheni, yakaisha. Hakuwa na hakika.

Bibi akachomekwa. Akakohoa. Taa yake ilihitaji saa nzima kupata joto, na hakuna aliyewahi kufaulu kuiharakisha. Dawa za kupimia zilikuwa bado kwenye jokofu la chini, chupa mbili za mwisho ambazo Kalamu alikuwa ameambiwa azimwage Ijumaa na akasahau. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alishukuriwa kwa kusahau.

Saa tatu na dakika ishirini akaingia mkuu wa maabara. Alikuwa mtu mpole, mwenye shati lililopigwa pasi, aliyependa mambo yaishe.

"Nimeambiwa mmemrudisha Bibi ndani. Kuna nini?"

Mama Rudia akamweleza kwa sentensi nne, bila kujitetea.

"Ngoja kwanza," mkuu akasema, akishusha sauti. "Hujathibitisha kitu. Huyu ni shemeji yako, una wasiwasi, ni haki yako. Lakini umeshampigia daktari na kusema mashine haiaminiki? Mashine ina siku nne. Ripoti umeitia sahihi mwenyewe."

"Ndiyo maana nimempigia mwenyewe."

"Na kama Bibi atatoa tisini na nane?"

"Basi nitakuwa nimemcheleweshea mgonjwa matibabu kwa ujinga wangu, na utaandika hivyo."

Mkuu hakuondoka. Alivuta stuli akakaa, jambo lililomshangaza kila mtu, na akaanza kuitazama saa pamoja nao. Simu ya Mama Rudia ikatetemeka mezani. Ujumbe wa mumewe: Kaka ameshaingia skani? Aliigeuza ikaangalia chini.

Saa tatu na dakika arobaini na saba Bibi alitoa mlio wake wa kusema yuko tayari. Kabla ya damu ya mgonjwa unapima kwanza damu ya majaribio, yenye namba inayojulikana, ili uone kama mashine iko timamu. Ile ilikuwa inatakiwa itoke kati ya mia moja sitini na mia moja themanini. Wakasubiri. Karatasi ikatoka ikichechemea.

Mia moja hamsini na moja.

"Ni taa, haijapata joto sawasawa," Kalamu akasema.

"Mpime shemeji yako tu," mkuu akasema. "Kama kuna tofauti kubwa itaonekana tu. Kwa nini kupoteza dakika nyingine kumi?"

Na hapo, nakwambia, Mama Rudia alitamani. Kichupa kilikuwa mkononi. Saa ilikuwa inakwenda. Kipimo kimoja, namba moja, apige simu. Lakini mashine isiyojua damu ya majaribio ni ngapi, itajuaje damu ya shemeji? Angekuwa anampelekea daktari "sijui" nyingine iliyovaa nguo za namba. Akakirudisha kichupa kwenye kishikizo.

"Rudia," akasema.

Kalamu akarudia. Mfagizi alikuja mlangoni na ndoo, akawatazama watu watatu wamekaa mbele ya Bibi mikono magotini, akarudi nyuma bila kuuliza. Saa nne na dakika tano. Karatasi ikatoka.

Mia moja sabini na mbili. Imo ndani.

"Sasa weka."

Damu ya shemeji ikaingia. Bibi akasoma rangi kwanza, kama alivyozoea, taratibu, mwanamke mzima asiyetishwa na saa ya mtu. Akatia dawa. Akangoja. Saa nne na dakika kumi na tano karatasi ikaanza kusogea, na Mama Rudia akavua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

Mia moja themanini na moja.

Tisini na nane ya Bi Harusi, na hii hapa karibu mara mbili. Kalamu alinyoosha mkono kuchukua simu, na Mama Rudia akamzuia, akaweka tone la pili kutoka kichupa kilekile, akarudia. Mia moja themanini na tatu. Saa ilikuwa nne na dakika ishirini na sita alipopiga, na safari hii wodi ilipokea kwa mlio wa kwanza.

"Mia moja themanini," akasema. "Nimerudia."

"Asante," daktari akasema, na akakata.

Saa tano alikwenda wodini. Shemeji alikuwa ametundikiwa maji, skani haikufanyika, mtu wa mashine ya mawimbi ya sauti alikuwa amekuja na mashine yake ya magurudumu akaliona jiwe lililoziba nyongo, na daktari wa upasuaji alikuwa amekwisha itwa. Shemeji alimsikiliza Mama Rudia akieleza kila kitu, mpaka mwisho, bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Kwa hiyo zile figo za kijana zimekwenda," akasema.

"Hazijakwenda. Zimechoka. Zitapona, Mungu akijalia."

"Na ile karatasi yangu?"

"Nipe nikaichane."

Akaitoa mfukoni, akampa. "Ningekuwa mimi ningeona kwa jicho tu, shemeji. Mtu manjano hivi, utamwambia mzima?" Kisha akaona uso wake, akaushika mkono wake na kuacha utani. "Umeniokoa, bwana. Usilie mbele za watu."

Mama Rudia hakuwa analia kwa ajili yake bali kwa ajili ya ile sahihi, ingawa alimwacha aamini hivyo.

Alipokuwa akishuka ngazi lilimjia jambo ambalo mpaka hapo alikuwa amelizuia kwa kuitazama saa. Bi Harusi hakuanza kazi jana. Alianza Ijumaa. Na shemeji hakuwa mtu wa pekee mwenye macho ya manjano katika hospitali yenye wodi kumi na moja.

Kalamu alikuwa amekwisha lifikiria. Alikuwa ameketi na daftari la kupokelea sampuli, lile lenye safu ya kuandikia rangi ya maji ya damu, safu ambayo Mama Rudia aliianzisha mwenyewe na ambayo kila mtu aliilalamikia kwamba ni kazi ya bure. Kidole chake kilikuwa kinashuka. Ijumaa, wawili. Jumamosi, watatu. Jumapili, mmoja. Jumatatu, watatu. Tisa, na shemeji akiwa ndani yao. Vichupa vyao bado vilikuwa kwenye jokofu. Wakavitoa vyote, wakampa Bibi, na mkuu wa maabara mwenyewe alikunja mikono ya shati lake akawa anaandika.

Saba namba zao zilikuwa zimepotoka kidogo au wastani, na hawajapewa kitu cha kuwaumiza. Mkuu aliwapigia madaktari wao simu mmoja mmoja. Wa nane alikuwa shemeji. Wa tisa alikuwa mama mmoja wa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Ijumaa Bi Harusi alimpa tisini na tano. Kwa namba hiyo, tangu Jumamosi, amekuwa akichomwa dawa kali ya kuua vijidudu, kipimo kamili, kipimo cha mtu mwenye figo nzima. Kichupa chake cha Ijumaa kwa Bibi kilitoa mia moja sabini. Kile cha asubuhi ya leo kilitoa mia nne na thelathini. Muuguzi alisema kwenye simu kwamba tangu jana hajapata mkojo wa kutosha kujaza kikombe, na kwamba sindano wameisimamisha sasa hivi.

Mama Rudia aliiondoa karatasi ya miraba ukutani. Akafungua ripoti yake, akaufuta kwa mstari mmoja ule mstari wa vizuizi, na pembeni akaandika: Havikutafutwa. Akatia sahihi tena, akaandika na saa. Kisha akavua koti.

"Unakwenda wapi?" mkuu akauliza.

"Wodi ya wanawake."

"Daktari wake atamwambia. Sisi hatuna wagonjwa, Mama Rudia. Sisi tuna sampuli."

Alisema kwa upole na alitaka kumsaidia. Mama Rudia alilitazama lile beseni la buluu mezani, akalibeba, akalimwaga kwenye sinki lenye dawa, na akaliacha pale limepinduliwa. Akatoka.

Kitanda cha dirishani kilikuwa na pazia lililofungwa nusu. Mgonjwa alikuwa amelala, uso umevimba, miguu imevimba chini ya shuka. Binti yake mkubwa alikuwa ameketi pembeni akimpepea kwa kipande cha boksi. Aliposikia hatua alisimama, kama wanavyosimama watu waliokaa sana hospitalini.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye daktari mpya?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Mimi natoka maabara. Mimi ndiye niliyempima mama yako figo, Ijumaa."

Uso wa yule binti ukafunguka. Akaweka kile kipande cha boksi chini, akamshika Mama Rudia mikono yote miwili.

"Wewe ndiye? Jamani, asante, mama. Tulikuwa tumekata tamaa siku ile. Halafu wakaja kutuambia, majibu ya figo ni mazuri. Tumelishikilia hilo mpaka leo."

Mama Rudia akaiacha mikono yake ikae mikononi mwa yule binti. Kulikuwa na kiti kimoja tu, akamwomba akae, na yeye akabaki amesimama.

"Hayakuwa mazuri," akasema. "Nimekuja kukueleza."